Mkono Ambao Maren Hakuuinua

Na aliyemwambia kwanza ni Bernadine wa maktaba ya chuo, Bernadine ambaye hana ubaya na mtu, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake na mkasi mkononi anakivisha kitabu nailoni, akainua macho akasema, mwanangu, poleni sana, Curtis amelipokeaje, na Maren, mtoto begani na theluji bado kwenye kofia, akauliza, amelipokea nini, ndipo Bernadine akauweka mkasi chini taratibu, akasema, Mungu wangu, nilidhani mnajua, chuo kizima kinajua... na sasa ni jioni, dirisha la jikoni limeshakuwa jeusi ingawa hata saa ya wakubwa kula haijafika, Januari ya Michigan ndivyo ilivyo, Maren anamlisha Hattie makaroni ya jibini na Curtis amesimama kando ya friji na karatasi zake, anakohoa kidogo kama anavyokohoa kila jioni kabla ya kuanza, uko tayari bibie, anauliza, niko tayari, anajibu Maren, kijiko kinaingia kinywani mwa mtoto, na moyoni anajiambia, sema sasa, sema kabla hajafungua mdomo, Curtis, kile kitabu cha mwanafalsafa wako Mjerumani kimeshatoka kwa Kiingereza kipya, profesa mmoja mwanamke wa huko mashariki ndiye aliyekitafsiri, nimekishika mimi mwenyewe, ni kizito, karatasi yake laini kama shavu la Hattie, sema... lakini ameshaanza, mkono unaoigusa meza, anasoma Curtis, hauigusi meza peke yake, na sauti yake ni ile ya kusomea, ya chini kidogo, ile iliyomfanya Maren ampende kabla hajaelewa hata neno moja la alichokuwa akisema, walikuwa kwenye harusi ya binamu yake, Curtis amekaa pembeni hachezi, akamuuliza, wewe unafanya kazi gani, akasema, namtafsiri mtu aliyekufa zamani, Maren akacheka, akamwambia, basi huyo hatakusumbua na simu, na kumbe huyo aliyekufa ndiye angekuja kuwasumbua kuliko walio hai wote, akahamia nao, akala nao, mimba ya Hattie ilianza na kumalizika yeye yupo, na watu wanapouliza kitabu kinaendeleaje Curtis husema kimekaribia, kimekaribia kwisha, na safari hii ni kweli, zimebaki kurasa chache tu, hilo ndilo baya, kwamba safari hii ni kweli... kula mama, fungua mdomo, eeh, hivyo... bali unagusa pia kule kukataa kwa meza, anasoma Curtis, na Maren anamtazama anavyogeuza ukurasa na kidole cha gumba, anajua kwamba aya hii ni ile ambayo Curtis huiita jiwe, kwa sababu kila akiisoma Maren hupotea palepale, wana utaratibu wao, Curtis husoma na Maren husikiliza, akipotea tu anainua mkono, haelezi chochote, anainua mkono basi, na Curtis anaweka alama kwa penseli huku akinung'unika, umepotea tena, nimepotea, umepotea wapi bibie na barabara imenyooka hivi, pale uliposema kwa hiyo, halafu hukusema kwa hiyo nini, na kesho yake anaivunja sentensi na kuijenga upya, anasema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika hapa amechoka na ana njaa kama wewe, ukipita wewe naye atapita, tena siku moja Maren aliinua mkono kwa sababu Hattie alikuwa amepaliwa na zabibu, hakuwa na habari na kitabu kabisa, Curtis akaweka alama, na asubuhi akaja mbio na soksi moja mguuni, ulikuwa sahihi, ile sentensi ilikuwa mbovu, walicheka mpaka Maren akakaa sakafuni... meza inapoukataa mkono ndipo mkono unapo... na kwa nini hajui, mtu mwenye elimu yote ile, kwa nini chuo kizima kijue na yeye asijue, jibu Maren analo, ni kosa la kazi hii ya kutafsiri na la Curtis mwenyewe, maana ana mwiko wake, mtafsiri akiwa kazini hafungui tafsiri ya mtu mwingine, sauti ya mwenzake isije ikamwingia, zile tafsiri za zamani zote alizifunga kwenye sanduku akalibandika gundi akalisukuma gerejini nyuma ya makoleo ya theluji, kisha kwenye sherehe ya idara, glasi mkononi, akawatangazia wote, jamani, mtu asiniambie lolote juu ya kitabu hiki mpaka nimalize, si makala, si mkutano, si umbea, wakacheka, wakampigia makofi, wakaapa, nao ni watu wa kutunza ahadi, wametunza hii kuliko walivyowahi kutunza kitu, na yule mwenzake mrefu wa ofisi ya jirani aliyekuja Krismasi na keki, akakaa ukingoni mwa kochi, akamwangalia Curtis kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, Maren akadhani labda ana shida nyumbani kwake, kumbe... na mchapishaji wa Chicago ambaye tangu vuli hapokei simu, Curtis akasema, wachapishaji ndivyo walivyo, wanapenda kukaa kimya, kumbe... na mwezi wa nne kamati ya chuo inakaa kuamua kama Curtis apewe kazi ya kudumu au aonyeshwe mlango, na hana kitu kingine cha kuwawekea mezani, ni hiki tu, na nyumba hii ni ya chuo, jiko hili, hiki kiti cha Hattie kilichopakwa jibini, nani atachapisha tafsiri mpya ya pili ya kitabu kilekile, majira yaleyale, ya mtu asiyejulikana, Maren hajui mambo ya vitabu lakini duka anajua, watu hawanunui birika mbili... si mwisho wa mkono, anasoma Curtis, ni mwanzo wake, na Maren anafikiri, nikimwambia leo nitakuwa nimemuua akiwa na kurasa chache mbele yake, nisipomwambia ataambiwa na kamati, mbele za watu, amevaa tai, na atajua kwamba mimi nilijua, au nimwache amalize kwanza, siku chache tu, mtu ana haki ya kumaliza, lakini amalize ili iweje, na alipokuwa maktaba alifungua kile kitabu, hakutaka, mkono ulifungua wenyewe, akasoma mistari miwili mitatu amesimama, Bernadine akijifanya anatafuta kitu kwenye droo, na ubaya ni kwamba alielewa, hakupotea, na tangu hapo anajiona kama mwanamke aliyetoka kwa mwanamume mwingine... mama, anasema Hattie, mama, maji, ndiyo, haya maji... na kimya. Curtis ameacha kusoma, karatasi zimeshuka mpaka kiunoni, anamtazama Maren kwa macho ambayo Maren hajui yametoka wapi. Hujainua, anasema. Maren anasema, nini? Mkono. Hujainua mkono, nimesoma jiwe lote, mwanzo mpaka mwisho, hujainua hata mara moja! Na Maren ana kikombe cha mtoto mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, anataka kusema sikuwa nasikiliza, ni maneno mawili tu, mtoto mdogo anaweza kuyasema, lakini Curtis ameshamnyanyua Hattie kutoka kwenye kiti na makaroni yanadondoka sakafuni, anazunguka naye, mama yako amepita, mama yako amevuka jiwe, unasikia wewe mchafu, na Hattie anacheka kwa kicheko chake cha tumboni, na Curtis, asiyecheza hata harusini, anacheza na soksi zake miguuni juu ya jibini, kisha anasimama, anahema, ananyoosha kidole, usinidanganye bibie, niambie kwa maneno yako ulisikia nini, na Maren anapapasa kichwani mwake kama mtu anayetafuta ufunguo kizani, anasema, nilisikia... kwamba meza inakataa. Inakataa! anapiga kelele Curtis, ndiyo, inakataa, na bila hiyo mkono usingejua kwamba upo, miaka yote nimekuwa naandika inapinga, wiki hii ndiyo nimeweka inakataa, umeona, na Maren anasema, nimeona, na ni hapo, akiwa ameinama anaokota makaroni moja moja, anapotambua kwamba tangu asubuhi alidhani amebeba habari moja, na sasa amebeba mbili, ile ya kwanza ni ya watu, imeandikwa na mwingine, imechapwa, imevishwa nailoni, iko kwenye rafu na itamfikia Curtis hata Maren akifa leo, kazi itaondoka nayo, nyumba itaondoka nayo, hana la kufanya, lakini hii ya pili, kwamba jiwe limevukwa, ni yake peke yake, ameitengeneza mwenyewe sasa hivi kwa kunyamaza tu, hakuna mtu duniani anayeweza kumnyang'anya Curtis hii isipokuwa yeye, na hilo linamtisha kuliko kamati, na Curtis amemrudisha mtoto kitini, amefunga mkanda, amechukua karatasi zake, anakohoa kidogo, niendelee, anauliza, na Maren anachukua kijiko, anasema, endelea.

Asubuhi, Hattie akiwa bado amelala, Maren alimwambia. Alikuwa amevaa kanzu yake ya kulalia na Curtis amekaa kwenye ngazi anavaa mabuti. Hakupamba neno. Alisema, "Curtis, kitabu kimeshatoka. Profesa mmoja wa mashariki amekitafsiri. Kiko maktaba, nimekiona." Curtis alifunga kamba za buti moja, akazifungua, akazifunga tena. Nje gari la theluji lilipita likikwangua barabara mpaka mwisho wa mtaa. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Na ile aya ya jana? Uliielewa kweli?"

"Niliielewa yote," alisema Maren, akainama akamsogezea buti la pili.