Maji ya Mgeni

Kwangu mgeni hunywa maji ya mtoni, hivyo hivyo yalivyo. Nayachota, nayatia kwenye gilasi, namwekea mbele yake. Akikunja uso, shauri yake. Najua yanayosemwa kijijini, kwamba Mwantumu binti Sadala amekuwa mchafu na mchoyo tangu azeeke, hata adabu aliyofunzwa na mama yake ameitupa. Waache waseme. Adabu hiyo niliitumia vizuri sana siku moja, na ninayejua ilinigharimu nini ni mimi.

Sisi tunakaa ukingoni mwa Ruvu, mto ambao ramani za Serikali zinauita Pangani. Ukingo wetu ni Handeni. Ng'ambo ni Korogwe, na ng'ambo ndiko kuliko mkonge, shamba ambalo ukilitazama macho yanachoka kabla halijaisha. Katikati yake ipo korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Nyuzi hupanda gari la moshi kwenda Tanga. Maji yaliyotumika kusafishia nyuzi hizo, ya kijani, mazito, yenye povu, hupita kwenye mfereji yakaingia mtoni. Hayo ndiyo fungu letu.

Zamani yalikuwa kidogo. Baada ya vita vya Hitla bei ya mkonge ilipanda, korona ikawa inanguruma Jumatatu hadi Jumamosi, na mto ukageuka. Perege wakawa wanaelea matumbo juu. Ukioga, unajikuna hadi damu. Mbuzi walikunywa wakaharisha, kisha watoto. Zamda, binti yangu wa pekee, alimzika mwanawe wa kwanza akiwa hajaota meno. Alipopata mimba ya pili akarudi kukaa kwetu, akaja na woga wake. Kila nikimpa maji alikuwa anayanusa kwanza.

Mume wangu Mdoe alikwenda Bama vitani kupigana na Wajapani, akarudi na medali moja, goti bovu na ujuzi wa kuandika. Akasema mjukuu huyu wa pili hatanyweshwa uchafu wa mkonge. Akaanza safari za boma.

Alikwenda kwanza Handeni, maana ndiko tunakolipa kodi. Bwana Shauri wa Handeni, Mzungu mkuu wa wilaya, akamwambia korona iko Korogwe, yeye hana amri huko. Akaenda Korogwe. Bwana Shauri wa Korogwe akamwambia wanaolalamika ni watu wa Handeni, na malalamiko ya wilaya nyingine hayamhusu. Akaandika barua Pangani, mto unakoingilia baharini, akidhani wavuvi wa huko wanaonja tunachoonja sisi. Akajibiwa kwamba bahari ni kubwa. Haya niambieni ninyi: mto mmoja, mabwana watatu, na maji hayana mwenyewe.

Mdoe hakukata tamaa. Mwaka mzima alikwenda na kurudi na goti lake. Alichotaka kilikuwa kidogo tu, mabwana wasimame pamoja ukingoni siku moja, waone kwa macho yao, kisha waamuru shamba lichimbe mashimo ya kutuliza maji yale kabla hayajaingia mtoni. Mwishowe wakakubali, wa Handeni na wa Korogwe. Wa Pangani alisema ana kazi nyingi. Wangekuja Jumatano moja ya masika, na baraza lingekaa uani kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya mto.

Jumatatu jioni akavuka Dominiko. Huyu alikuwa Mnyamwezi, aliyeletwa kwa mkataba kama manamba wengine, na kazi yake ilikuwa kuilisha korona majani. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani, kwa hiyo hakuwahi kuingia uani kwangu bila kunitukana kwanza. "Mzigua, bado hujafa tu? Na mimi nimeshapanga kuurithi mtungi wako." Nami humjibu kwamba Mnyamwezi hata kaburini huomba mzigo wa kubeba. Siku hiyo hakutania.

"Mzee Mdoe," akasema, "leo mashine haikuwashwa. Meneja anasema inatengenezwa, lakini hakuna kilichovunjika. Sote tumepewa mafagio tunasafisha mfereji."

Tulielewa. Meneja alikuwa amepata habari za ugeni, na mvua ilikuwa inanyesha milimani. Hadi Jumatano mto ungekuwa umejiosha wenyewe.

Mdoe akacheka. Akanipeleka kwenye kona ya nyumba, akafunua mtungi wangu mkubwa. Alikuwa ameujaza Jumamosi, korona ikiwa kazini. Nilirudi nyuma. Maji yalikuwa meusi, yananuka kama yai viza.

"Mto watauosha," akasema, "mtungi huu hawataufikia. Wakija, utawapa haya. Wayaone, wayanuse, na anayetaka kunywa anywe. Usiwape mengine, Mwantumu. Mficha uchi hazai."

Nikasema sawa. Nilisema kwa mdomo. Sasa sikilizeni nilivyo mjinga.

Mama yangu alinilea hivi: mgeni akiingia, hata kabla ya habari, umpe maji, na yawe mazuri kuliko unayokunywa wewe. Kwetu hata mtu mliyeshtakiana, akija kwako hunywa kwanza, kesi baadaye. Mke akisemwa kwamba maji ya kwake yananuka, amekwisha, ataimbwa ngomani mpaka wajukuu zake wasikie. Na hawa hawakuwa wapita njia. Walikuwa Mabwana Shauri wawili, mkalimani, jumbe Semboja na wazee wa vijiji sita. Nikajiambia Mdoe ni mwanamume, anajua barua, hajui nyumba. Kwani mto haupo? Siku mbili tatu haziwezi kuuosha wote, watauona wenyewe. Mimi nitaisitiri aibu ya mtungi tu.

Jumatano, jogoo la kwanza, Mdoe akaondoka kwenda kuwapokea kivukoni. Nikaubeba mtungi, nikamwaga maji yale nyuma ya banda la mbuzi. Nikausugua kwa mchanga na majani, nikaufukiza ubani. Kisha nikapanda mlimani kwenye chemchemi. Kwenda ni mwendo wa saa mbili, kurudi na mzigo ni zaidi, na chemchemi yenyewe hutoa uzi mwembamba, unakaa kuungojea mtungi ujae mpaka unasinzia. Ndiyo maana hakuna anayeishi kwa maji yale. Nilirudi nimelowa jasho, nikijisifu njia nzima.

Zamda alikuwa mlangoni na tumbo lake la miezi minane. "Mama, baba alisema..." Nikamwambia anyamaze, akafagie uani.

Walifika saa tano. Mto ulikuwa mwekundu kwa udongo wa masika, umejaa, haunuki chochote. Meneja, aliyevuka nao, alisimama ukingoni akavuta pumzi ndefu makusudi, ili mabwana wamwone. Mdoe hakutetereka. Aliwaleta uani, akawakalisha, akawaambia kwa utulivu kwamba mashine imezimwa, mvua imeosha mto, lakini yeye anayo maji ya Jumamosi. Dominiko akajitokeza katikati ya watu, mbele ya meneja wake, akasema ni kweli, mashine imezimwa nayo ni nzima. Nilimwona meneja akimtazama. Mtu yule alikuwa ameitupa kazi yake kwa ajili ya mtungi ule, na mimi nilikuwa napanga gilasi kwenye sinia.

"Mwantumu, leta maji," akasema Mdoe. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu arudi vitani.

Nikaleta. Maji yalikuwa maangavu hata maua ya sinia yakaonekana chini ya gilasi.

Bwana Shauri wa Korogwe, mtu mzima mwenye shingo nyekundu, akainua gilasi juani, akainusa, akanywa yote, akafuta masharubu. "Maji mazuri," akasema kwa Kiswahili chake. Yule wa Handeni, kijana, naye akanywa, akaomba tena. Nikamwongeza.

Mdoe akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Haya siyo," akasema taratibu. "Haya siyo maji ya mto."

"Yametoka wapi, mama?" akaniuliza mkalimani.

Nikadhani nimepata nafasi ya kutengeneza nilichoharibu. Nikasema kweli yote, mbio mbio: maji ya mto yananuka, yale ya Jumamosi nimeyamwaga, niliona haya kuwapa wageni, nimetembea tangu alfajiri hadi chemchemi ya mlimani. Mkalimani akayageuza kwa Kiingereza. Yaliingia mengi, yakatoka machache. Mabwana wawili wakatazamana, nyuso zikawalegea kama wapagazi waliotua mizigo.

"Kumbe mna chemchemi," akasema yule wa Korogwe, na akaandika.

Mdoe alisema tena na tena kwamba ni mbali, kwamba haitoshi hata nyumba tatu. Jumbe Semboja akamgusa bega, akamwambia basi, mzee, wageni wamechoka. Wakala kuku wangu, wakashukuru. Kabla hawajafika boma, korona ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Nakala moja ilikwenda Handeni, moja Korogwe, na nasikia hata Pangani walipelekewa yao. Hiyo ndiyo kazi pekee waliyowahi kuifanya kwa pamoja. Mdoe alinisomea. Mto umekaguliwa, hauna kasoro. Wenyeji wa kijiji hiki wanayo chemchemi ya maji safi, watumie hiyo. Shauri limefungwa.

Dominiko alikuwa ameshafukuzwa. Alipita kuaga, mkeka kwapani. Nilimwomba radhi. "Mzigua," akasema, "watu wanakuita kwenye kesi, wewe unawapikia." Ulikuwa utani, lakini hakucheka, wala mimi. Mdoe yeye hakunigombeza hata siku moja. Kalamu yake aliichomeka kwenye makuti ya paa, ipo mpaka leo.

Nilijiapiza kwamba mjukuu nitamchotea mwenyewe mlimani, kila siku ya Mungu. Nilikwenda mara moja. Kabla Zamda hajajifungua, nilipokuwa katika safari ya pili, niliteleza kwenye majabali, kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba, kikakaa hivyo miezi. Mdoe na goti lake asingeweza. Zamda alijifungua mtoto wa kike, akamfunga mgongoni, akashika jembe. Nani angepanda? Tulichemsha maji ya mto, tukayachuja kwa kanga, tukayachemsha tena. Harufu haikutoka. Mtoto alipofika miezi saba akaanza kuharisha, na siku ya nne, alfajiri, alikuwa amekwisha.

Maiti haioshwi kwa maji yanayonuka. Majirani walisema watakwenda wao, nikakataa. Nikaubeba mtungi ule ule, nikapanda na mguu wangu nikichechemea, mtoto wa jirani akanisaidia kujitwika. Nilirudi jua limeshapinduka, watu wamekaa uani wananingoja.

Nilipotua mtungi Zamda akaja, akatumbukiza kiganja, akayatazama maji yakichuruzika kati ya vidole.

"Mgeni alikunywa akaomba tena," akasema. "Mwanangu ameyapata leo."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, ningepata la kujibu.

Tukamwosha. Mtoto wa miezi saba hahitaji maji mengi, nusu ya mtungi ikabaki. Baada ya mazishi nikaona midomo ya Zamda imekauka, nikamjazia gilasi ya maji yale. Akaisukuma kwa mgongo wa mkono. Akachukua kata, akateremka mtoni, akainama, akanywa ya pale mbele yangu. Tangu siku hiyo ndiyo tunayokunywa nyumbani kwangu, sisi na wageni.