Madam With

Shamimu alikuwa mwalimu mgeni kabisa katika shule ile ya binafsi kule Chanika alipoitwa mbele ya wazazi ajitambulishe kwa Kiingereza. Akataja jina na somo lake, kisha akamalizia: "I am married with two children." Alimaanisha ameolewa na ana watoto wawili.

Eliaichi, mkuu wa somo la Kiingereza, akachukua kipaza sauti.

"Madam, ngoja kidogo. Kwa Kiingereza huolewi 'with', unaolewa 'to'. Au hao watoto ndio waume zako?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwishehe, mume wa Shamimu, alikuwa amekaa nyuma, akainamisha kichwa. Shamimu akasema, "Samahani, Sir," akarudi kukaa. Tangu hapo wanafunzi wakawa wanamwita Madam With, na mwalimu mkuu akampeleka kufundisha chekechea hadi Kiingereza chake kikae sawa.

Shamimu akajifungia na kamusi ya maktaba. Kumbe 'to' ni ya mwenzi: angesema ameolewa na Mwishehe, ingemlazimu kutumia 'to'. Lakini kwa kusema umeolewa na pia una watoto, 'with' ndiyo yenyewe. Hakukosea hata kidogo.

"Kamwoneshe kesho ofisini, yaishe," Mwishehe akamshauri.

"Ofisini? Kwani mie alinidhalilishia ofisini?"

Akaitunza siri yake. Kila Eliaichi alipomtania, Shamimu alitabasamu na kumchochea: "Sir, hebu nikumbushe ile sheria."

"To! Ukisikia 'married', inafuata 'to', basi!"

Wakaja wageni kutoka Uingereza waliotaka kushirikiana na shule. Kila mtu alijua Eliaichi ndiye atakayekabidhiwa mradi wao. Wazazi wakaalikwa kwenye hafla ya kuwapokea; Shamimu akaomba kuwa mshereheshaji, akapewa. Zamu ya Eliaichi ilipofika, akamwomba kwa Kiingereza awaeleze wageni kidogo kuhusu familia yake.

Eliaichi akamkonyeza. Hakuiacha nafasi ya kumchoma.

"I am married TO," akasema, akiikazia, "to two children."

Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, akaweka chini kikombe chake cha chai. Shamimu akawageukia wazazi.

"Wazazi wangu, Sir anasema wake zake ni watoto wawili."

Kisha, taratibu, akaeleza 'to' inakaa wapi na 'with' inakaa wapi, huku mama yule akitikisa kichwa kukubali. Wazazi walicheka hadi viti vikalia. Mbele kabisa, Atuganile, mke wa Eliaichi, alijifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Baadaye Eliaichi akamfuata nyuma ya madarasa. "Ulijua siku zote?"

"Nilijua."

"Si ungeniambia pembeni, mwalimu mwenzangu?"

"Wewe ungeniambia mie pembeni, leo tungekuwa marafiki."

Mradi akapewa Kornelio wa hisabati. Eliaichi akatafuta kazi Kinondoni. Atuganile aliacha kuitikia salamu za Shamimu sokoni, na hilo lilimuuma, maana yule mama hakuwa amemkosea chochote. Ila kwa Eliaichi moyo wake haukulegea. Siku ya kumuaga, walimu walimnunulia keki. Shamimu akala kipande chake mbele yake, polepole, akaomba kingine.