Kijiko Kilichosimama Kwenye Wali

Mwaka 1998, Mjapani mrefu aitwaye Moriwaki alipanga chumba juu ya chetu, huku Point, mtaa wa bandarini tulikohamia kutoka Kongo. Kwao alilipwa kucheza mpira wa kikapu. Hapa alitaka kucheza tu na vijana wetu wa Kongo, katika ukumbi ninaousimamia, kwa sharti moja: asipigwe picha.

"Papa Ezéchiel, huyu iko na kesi ya polisi," alininong'oneza Peguy, mfungaji wetu. "Eish! Twiga anajificha nyuma ya nini?"

Nilimwuliza Moriwaki mwenyewe, kwa Kiingereza nilichojifunza ukubwani katika shule ya jioni, ambacho hakuna aliyewahi kukisahihisha. Alijibu bila kuinua macho. Tachibana, rafiki yake wa timu moja, alikufa ajalini. Tangu hapo kila picha ya Moriwaki iliyotoka gazetini ilikuwa na Tachibana kando yake, akingoja pasi. Watu walidhani ni picha za zamani. Ndiyo maana alikimbia magazeti, kisha akaikimbia nchi.

"Hapa hajanifikia," alisema. "Akiniacha, nitarudi kucheza kwetu."

Nilimwambia kwamba mtu aliyesoma haamini mambo hayo. Jumamosi nikamwalika chakula cha mchana.

Mke wangu, Agathe, alimpakulia kama anavyompakulia mgeni wa heshima: mlima wa wali, kijiko kimesimikwa katikati, ishara kwamba hakuna aliyeugusa. Moriwaki alipokiona, rangi ilimtoka usoni.

"Nani amekufa?"

Kwao, alieleza, wali wa namna hiyo ni wa marehemu. Vijiti vya kulia husimamishwa juu yake ili aje ale. "Mmemwita," alisema.

Nilimtafsiria Agathe.

"Basi akae," alisema Agathe. "Mgeni ukishamwita utamfukuza? Mimi sirudishi chakula jikoni."

Nilicheka. Moriwaki aliinuka akatoka, nasi tukamfuata mpaka kwenye ngazi tukimsihi. Tuliporudi mezani, sahani ilikuwa tupu, haina hata punje. Katikati yake kijiko kilikuwa bado kimesimama.

Alasiri nilimkuta ukumbini, amekuja kuchukua viatu vyake ahame tena.

"Moja ya mwisho, kaka!" Peguy alimrushia mpira.

Kwa mazoea tu, Moriwaki aliusukuma kwenye pembe iliyo chini ya dirisha, ambako hapakuwa na mtu. Haukugonga ukuta. Ulitulia hewani, kama ulio mikononi, kisha ukamrudia kifuani. Vijana walikanyagana mlangoni. Moriwaki alisema maneno machache ya Kijapani, akainama mpaka kiunoni.

Kisha akanigeukia. "Nipige picha."

Picha ilipotoka dukani, tuliitazama pamoja. Moriwaki alikuwa peke yake. Alipitisha kidole palipo wazi kando yake, mara mbili, kama anayetafuta kitu.

"Amebaki kwenu," alisema. "Huko hakuna aliyemlisha."

Mwezi huohuo alirudi kwao kucheza.

Mimi bado siamini. Lakini kila Jumamosi Agathe husimika kijiko kwenye sahani moja ya ziada, na hulalamika kwamba mgeni huyu anakula kuliko Peguy. Nami huwaonya vijana wasirushe mpira kwenye ile pembe kama hawako tayari kuupokea.