Sponji Iliyofuliwa

Rukaya alingoja wiki tano maji ya chumvi yawe tayari katika tangi lake dogo la kioo la kufugia samaki, nyumbani kwake mtaa wa Sharpstown, ughaibuni. Alikataa mtungi mkubwa wa kuchujia maji, akachagua chujio dogo la sponji pamoja na mawe ya baharini, yenye bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Siku aliyowaleta samaki wake wawili wa kwanza, alimkuta mama yake, mgeni kutoka Tanga, ameianika sponji dirishani.

"Nimeifua kwa sabuni, mwanangu. Ilikuwa na utelezi wa kutia aibu!"

Rukaya akaikimbilia sponji. "Mama, utelezi ule ndio bakteria wanaosafisha maji! Na mawe je?"

"Mawe yangefuata. Nilikuwa natafuta brashi ya chuma."

Rukaya akacheka mpaka akaketi sakafuni. Bakteria wengi walikuwa kwenye mawe, salama. Akatia sponji mpya, akawaachia samaki majini taratibu, nao wakaogelea.

"Kumbe humu ndani uchafu una kazi, mimi sina?"

"Unayo, mama. Uwalishe, punje tatu tu."

"Tatu! Samaki hawa watatusema kwa uchoyo!"

Rukaya akamhesabia tatu kiganjani, kisha akalificha kopo la chakula.