Bega Nililoliruka

Naapa, kila neno hapa ni kweli tupu, na nikikutwa na uongo niko tayari kulipa. Wanaonijua watacheka. Nimenyoa vichwa miaka arobaini na mmoja. Niliwahi kumnyoa mwenye kipara vizuri hivi kwamba alirudi wiki iliyofuata kulalamika zimeota haraka. Nilipostaafu nilimwachia mkwe wangu mashine ya kunyolea, nikabaki na benchi la wateja na mdomo.

Mwanangu ndiye aliyeona kwamba mdomo huo una faida. Mwaka uliopita mimba yake ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija wa mayai. Mrija ukapasuka, damu ikamjaa tumboni. Walimpasua, wakautoa mrija pamoja na mtoto aliyekosa pa kukulia. Alipoweza kusimama alitaka mambo mawili: wanawake wazijue dalili, na zahanati yetu ipate mashine ya kupiga picha ya tumbo, maana yeye alisafirishwa saa mbili akivuja ndani kwa ndani. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akatoboa kifuniko, akaliweka chini ya kioo.

"Sheria ni moja, Baba. Atakayekukamata ukidanganya, unatumbukiza bei ya kichwa kimoja. Akishindwa, anatumbukiza yeye."

"Utanifilisi, mwanangu."

"Punguza chumvi basi."

Watu walimiminika, hata walionyolewa jana. Na kila siku, porojo zikishakolea, nilileta ile kubwa: jinsi mwanangu alivyoshika tumbo upande mmoja, chini, akatokwa na damu kidogo, akashikwa na kizunguzungu, nami nikajua papo hapo, nikambeba mgongoni na kusimamisha lori kwa kifua changu. Wanaume wazima walifuta machozi. Hiyo hakuna aliyethubutu kuikamata. Mwanangu alikuwa akizunguka sokoni na viwandani na karatasi zake, hakuwahi kuisikia. Mkwe wangu aliujua ukweli wote, lakini mkwe gani atamwumbua baba wa mkewe mbele za wateja?

Katika karatasi zile kulikuwa na dalili nne. Mimi nilisema tatu.

Jumamosi moja aliingia seremala, mteja wangu wa miaka mingi, ndevu hazijaguswa. Tulikuwa tumemzika mkewe wiki tatu nyuma. Nilisikia ni presha. Mwanangu naye alikuwepo, amekuja kulichukua kopo.

"Mzee, nisimulie ile ya binti yako."

"Leo, fundi?"

"Leo."

Nikasimulia. Lori lilikuwa zito kulisimamisha siku hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na bega?"

"Bega gani?"

"Mke wangu tumbo lilimuuma kidogo tu. Alichokililia ni bega, hapa kwenye ncha. Nikamwambia, tulia mama, hadithi ya mzee naijua kwa moyo, bega halimo, hii siyo ile. Nikamsugua. Tangu adhuhuri mpaka jua linazama namsugua, kama unavyotusugua sisi ukimaliza kunyoa. Baadaye daktari akaniambia damu ikijaa tumboni, maumivu hutokea begani."

Mkwe wangu akazima mashine, mteja akabaki na nusu kichwa.

"Baba," mwanangu akasema. "Bega hukuwaambia?"

Nilitazama sakafu. Nywele tu.

Akamgeukia seremala. "Na mimi nililia bega, kaka. Baba alinikalisha kwenye kiti hicho cha kunyolea, akanipaka mafuta, akanisugua nusu siku huku ananichekesha. Hakunibeba. Mume wangu ndiye aliyenikuta nimezimia hapa."

Mikono hii imesugua mabega ya mji mzima, na watu wakainuka wakishukuru. Nilitaka bega la mwanangu liwe bega tu. Na alipopona, sikutaka mtu ajue.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatumbukiza bei ya kichwa kimoja. Si ndiyo sheria? Seremala akafungua kopo, akaitoa ile noti, akanirudishia kiganjani.

"Hiyo ni ya lori, mzee. Ya bega utanilipa nini?"

Mwanangu akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha kunyolea, uso kwa benchi. Akawaita na waliokuwa wamesimama nje.

"Anza," akasema. "Anza na bega."

Nikaanza. Nikalitaja bega harakaharaka, akanirudisha mwanzo.

Ndivyo ninavyolipa. Kila anayeingia, kabla ya mashine kuwashwa, anasikia bega, kisha tumbo, kisha damu, kizunguzungu, na mwisho mzee mjinga mwenye mafuta mkononi. Lori nimeliacha lipite. Watu hawacheki, na kopo hujaa polepole. Ile mashine ya picha bado iko mbali. Seremala huja kila Jumamosi. Hakai. Husimama mlangoni mpaka asikie neno bega, kisha huenda zake bila kunisalimia.