Mashuka ya Ndaya

Mwamini alikuwa na mashine nne za kushona, washonaji wanne, na meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango wa nyumba ya marehemu mume wake. Pale Kolwezi, mashuka yote ya lopitalo, hospitali ya kampuni ya migodi, yalitoka kwenye meza ile. Pindo la vidole viwili, na pembeni alama ya uzi mwekundu, ili shuka likionekana sokoni lijulikane limetoka wapi.

Wakati wa kiangazi alikwenda kwenye ofisi ya kampuni, amevaa kitambaa chake cha Idi. Aliomba jambo moja: kila mwezi wakate sehemu ya malipo ya mashuka, wawape washonaji wake karte ya lopitalo, kadi ya kutibiwa, kama wanavyokatwa wachimbaji wa mgodi wa Mashamba.

Mkubwa wa ofisi alicheka kwa adabu. "Mama, karte ni ya batumikaji ba kampuni."

"Na sisi tunafanyaka nini, tunacheza?"

Mkubwa akarudi kwenye karatasi zake.

Ikafika siku ya kupeleka mashuka, mvua za kwanza. Ndaya, fundi wake wa pindo, alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga wa mtaa akampapasa tumbo, akainuka akitikisa kichwa.

"Mutoto amekingama. Hapa inaomba kisu."

Mkokoteni wa mashuka ulikuwa mlangoni, umejaa. Wakamlaza Ndaya juu ya mashuka yenyewe, wakasukuma.

Kwenye lango la lopitalo, mlinzi Banza alinyoosha mkono. "Karte?"

"Banza, unanijua."

"Nakujua, mama. Mashuka ipite. Mwenye kulala juu yake abakie."

Damu ikampanda Mwamini kichwani. Kitambaa kina ruhusa, aliyekishona hana!

Banza hakuwa mtu mbaya. Aliinama, akanong'ona: "Muke ya kaka yangu Kazadi iko na karte. Tuandike jina yake. Bote banafanyaka vile."

Ni kweli, wengi walifanya hivyo. Jirani yao Latifa alizaa kwa karte ya kuazima, na mpaka leo mtoto ameandikwa kitabuni kwa jina la mwanamume mwingine, mume wa mwenye karte. Baba yake mzazi huenda kwa huyo kumwomba mtoto, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ndaya aliyajua hayo. Akainua kichwa, midomo imekauka.

"Mutoto ni wa bwana yangu Nkulu," akasema. "Baandike Nkulu."

"Umesikia," Mwamini akamwambia Banza, akasimama mbele ya gurudumu. "Basi na mashuka haipite. Iko na karte? Onyesha."

Foleni ya watu pale langoni ikaangua kicheko. "Uliza na sabuni kama iko na karte!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

Hapo akatoka muuguzi mkuu, Kyungu, akiuliza mashuka yako wapi, meza ya kupasulia iko tupu. Akayaona. Akamwona na Ndaya juu yake, na jasho lake. Hakuuliza karte.

"Banza, fungua! Haraka!"

Ndaya akapasuliwa. Akatoka mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Kitabuni wakaandika: mtoto wa Nkulu na Ndaya. Mahali pa karte pakabaki peupe. Mwingine angeshukuru akanyamaza. Mwamini alishukuru. Kunyamaza ndiko kulikomshinda.

Kesho yake alirudi ofisini na robota la amerikani la mwezi uliofuata, halijaguswa na mkasi. Akalitua juu ya meza ya mkubwa, juu ya karatasi zake.

"Hii nini, mama?"

"Kitambaa yenu. Mutafute mwenye karte, ashone."

"Unakasirika, na mutoto amezaliwa muzuri?"

"Amezaliwa kwa huruma ya Kyungu. Siku Kyungu hayuko, bengine bafie pa mulango? Hatuombe bintu bya bure, baba. Mukate pa malipo ya kazi yetu, sawa vile munakataka kwa bengine."

Mkubwa akaliangalia robota. Mjini hapakuwa na meza nyingine ya kutoa mashuka mengi hivyo, naye alijua.

"Nitaandikia bakubwa," akasema.

"Andika." Mwamini akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono mapajani. "Mi nangoja. Andika batu bane. Wa kwanza, Ndaya."