Kamba wa Shamba Lililotiwa Lami

“Kwangu kamba-kofia hafi kwa uzembe,” alisema Shuhei Nagura, amesimama kando ya kitanda cha hospitali, mkebe wa biskuti kaukumbatia kifuani kama mtu aliyepewa mtoto ambebe. “Ukisikia kafa kwangu, basi ujue ni uzee.”

Mzee Hatano alikuwa amelala pale na nyonga mpya ya chuma. Alimtazama Shuhei, akatazama mkebe, akamtazama tena Shuhei. Uzee wa kamba-kofia, kwa wasiomjua, humfika mwezi wa pili tangu azaliwe, kwa hiyo ahadi yenyewe haikuwa nzito kihivyo. Lakini ilitamkwa vizuri, na mzee alikuwa na maumivu.

Mkebeni hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na mchanga mkavu, na humo mchangani mayai madogo kama vumbi, ambayo hukaa miaka na miaka bila tone la maji na yasiharibike. Yaloweshe, na baada ya siku moja mbili utaona vitu vidogo vidogo vinarukaruka majini. Wape wiki kadhaa, unao wanyama kamili: kofia ya kahawia mgongoni, macho matatu, mkia wa nyuzi mbili, na miguu mingi isiyotulia. Maduka ya mjini huwauza kwenye pakiti kwa jina la triopsi. Huku kwetu, kando ya Ziwa Biwa, watoto huwachota bure kwenye mashamba ya mpunga kila mwezi wa sita, ndiyo maana mtu mzima anayewafuga sebuleni huchekwa kidogo.

Mzee Hatano alikuwa amechekwa vya kutosha na hakujali. Kamba wake walitoka Kitaura, shamba la mpunga la baba mkwe wake. Mkewe alikulia kwenye matope yale. Sasa mke ni marehemu, na Kitaura ni maegesho ya magari ya duka la dawa, lami safi, mistari myeupe. Kilichobaki cha shamba lile kilikuwa mchanga, nusu kwenye mikebe nyumbani kwa mzee, nusu kifuani kwa Shuhei, ili likitokea la kutokea upande mmoja, ukoo usipotee.

“Kijiko kimoja kwa mara moja,” alisema mzee. “Mwingine wote ubaki mkavu. Ukikosea, umekosea kijiko. Na chakula ni chembe tu, usije ukawalisha kama unalisha ng’ombe.”

“Mzee, sasa utanifundisha na kupumua?”

Shuhei alikuwa amefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu na yuko nyumbani akijiandaa kurudia. Maana yake ni kwamba alikuwa na meza, taa, rundo la vitabu, na muda. Meza aliipa tangi la kioo. Taa aliielekeza kwenye tangi. Vitabu alivitumia kuliinua tangi ili alione vizuri akiwa amelala.

Kijiko cha kwanza kilitoa viduchu vichache sana. Vilipotelea kwenye tangi lile kama wanafunzi watatu kwenye ukumbi wa mikutano. Na Shuhei alikwishatangaza kwamba Jumapili ya kamba, siku ambayo wafugaji wa mtaa hukutana kwenye ukumbi na kuonyeshana walichonacho, ataleta tangi lililojaa hadi watu waombe radhi. Basi akaumwaga mchanga wote. Mkebe mzima, akaupigapiga kitakoni ili isibaki punje.

Kwa siku mbili ilikuwa raha. Maji yalichemka kwa uhai. Shuhei akawaonea huruma, wengi vile, chakula chembe. Akawasagia cha samaki, akaongeza, akaongeza tena kabla ya kulala. Asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, na humo hakuna kilichocheza.

“Shuhei,” mama yake aliita kutoka ngazini, “hicho chumba kinanuka soko la samaki lililofungwa kwa msiba.”

“Ni majaribio, mama.”

“Ya mtihani gani?”

Akabadilisha maji, akangoja. Akangoja tena. Mvua za mwezi wa sita zilikuwa zimeanza, kila kitu nyumbani kikaota ukungu, mchanga nao ukaota. Mwishowe akaubeba mchanga pamoja na tangi hadi mtaroni mbele ya nyumba, akaumimina, mvua ikaondoka nao. Alisuuza tangi vizuri sana. Kama kuna kazi aliyoifanya kwa makini mwaka ule, ni hiyo.

Mzee Hatano akapiga simu wiki hiyo hiyo. Karudi nyumbani, anatembelea mkongojo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

“Binti yangu amenisafishia nyumba nilipokuwa hospitali. Amefanya vizuri. Ametupa magazeti, ametupa chupa. Ametupa na ile mikebe ya uchafu iliyokuwa kabatini.”

Shuhei alilitazama tangi tupu.

“Analia, nimemwambia asilie. Nimemwambia kuna nusu kwako. Wako wazima?”

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Shuhei alipaona, akapatazama, akapita.

“Wazima? Mzee, wamenenepa mpaka wanapishana kwa zamu.”

“Basi Jumapili nitakuja ukumbini niwaone. Utanipa na mchanga wa chini ya tangi, wenye mayai yao, nianze upya.” Kisha akaongeza, “Nilishaanza kudhani Kitaura imekwisha.”

Alfajiri iliyofuata Shuhei alikuwa ukingoni mwa shamba upande wa pili wa reli, amevaa mabuti ya mvua ya mama yake yaliyombana vidole, mkononi kichujio cha tambi na ndoo. Mpunga ulikuwa mchanga bado, umesimama majini kwa mistari. Kati ya mistari matope yalikuwa yanatibuliwa na kamba-kofia wengi kuliko alivyowahi kuahidi. Alichota kwa furaha ya mwizi wa maembe.

“Wewe mtoto wa Nagura, unapika nini na hao?”

Bi Tokie, mwenye shamba, alikuwa kwenye tuta, kofia ya nyasi kichwani, jembe begani, amekuja kutazama njia ya maji yake. Shuhei alisimama wima kiasi kwamba buti moja lilibaki matopeni.

“Shikilia ndoo kwanza, utawamwaga,” alisema Bi Tokie. “Ni wa nini?”

“Wa... mtoto wa binamu yangu. Kazi ya shule.”

“Yuko Osaka, huyo binamu?”

“Huko huko.”

“Maskini, watoto wa mjini. Chota tu. Hawa wananipalilia bure, lakini hawajawahi kuniletea hata kikombe cha chai. Na hilo buti livute kwa kisigino, siyo kwa vidole, mwanangu, utakaa chini.”

Shuhei alilivuta kwa vidole, akakaa chini.

Kufikia Jumapili kamba wale walikuwa wamezoea tangi, na Shuhei alikuwa amewazoea kiasi cha kuanza kuwaamini. Aliwatandikia mchanga safi. Mmoja mkubwa alimwita Mkurugenzi. Akiwatazama kwa muda mrefu, aliona kabisa wana sura ya Kitaura, ingawa Kitaura hakuwahi kuiona isipokuwa ikiwa na magari.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa umejaa watoto na ndoo zao. Mzee Hatano aliingia polepole na mkongojo, amevaa tai, jambo ambalo lilimkera Shuhei kidogo. Nani huvalia tai kamba. Binti yake alibaki mlangoni, hataki kukaribia. Mzee akatoa kioo cha kukuzia, akainama kwenye tangi kadiri nyonga ilivyomruhusu, akakaa hivyo.

“Mkia,” alisema.

“Mkia,” alikubali Shuhei.

“Wa Kitaura mkia wao una wekundu hapa mwanzoni. Mke wangu ndiye aliyenionyesha. Wa mashamba mengine hawana.” Akasogeza kioo. “Huyu anao. Na huyu.” Akageuka kumwita bintiye. “Emiko, njoo. Wapo. Njoo uone, acha mambo yako.”

Binti akaja, akaona, akamwinamia Shuhei kwa shukrani, chini sana, akakaa huko chini muda mrefu. Shuhei naye akainama. Mtu mwingine angetosheka na hapo. Yeye alipoinuka aliona watu wamekusanyika, wakubwa kwa watoto, wote wanamtazama, na mdomo wake ukajiendea wenyewe.

“Si kwamba ilikuwa rahisi,” alisema. “Wengine mnadhani ni kulowesha na kulala. Mimi nilikwenda kijiko kwa kijiko, kama mzee alivyoniagiza. Kuna usiku mvua ilileta baridi, nikawafunika na koti langu, mimi nikalala natetemeka. Chakula nawasagia kwa vidole, chembe, chembe. Huyu mkubwa alizaliwa dhaifu, nilimtenga kwenye bakuli la mchuzi mpaka akapata nguvu. Yaani hawa nimewajua tangu wakiwa vumbi.”

“Wote?” aliuliza mtoto mmoja.

“Hakuna humu aliyewahi kuona maji yasiyo yangu.”

Mzee Hatano alikuwa bado ameinama, kioo kimefuata mkia fulani hadi pembeni mwa tangi. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio nzuri.

Mwezi ule zamu ya kufungua ukumbi na kuchemsha chai ilikuwa imeangukia nyumba za upande wa pili wa reli. Mlango wa jikoni ukasukumwa kwa nyonga, na Bi Tokie akatoka na sinia la vikombe. Akapitisha kwa wazee kwanza, halafu kwa Emiko, halafu akafika kwa Shuhei. Akachungulia tangini.

“Ah, wamekua,” alisema kwa furaha. “Na umewatunza kweli kweli, kumbe hukuwapeleka Osaka. Nilisema, huyu mtoto aliyejikalisha kwenye matope yangu kwa ajili ya hawa, lazima ana mapenzi nao.” Akamwekea kikombe karibu na tangi. “Ukitaka wengine uje mapema. Wiki hii naondoa maji shambani ili mizizi ishike, na maji yakiisha hao wote wanaliwa na korongo.”

Mtoto mmoja aliuliza korongo anawala na kofia zao au anazitoa kwanza, akavutwa mkono.

Mzee Hatano alijinyoosha. Ilimchukua muda, kwa sababu ya nyonga. Alikikunja kioo chake, akakitia mfukoni, akamgeukia Shuhei. Bi Tokie hakumtazama kabisa.

“Mkebe wangu,” alisema. “Ule mchanga. Uko wapi?”

Shuhei alisema hii chai ni ya moto mno. Kikombe kilikuwa bado pale pale kilipowekwa.